Hesabu ya Mkwezi

Maji yanapokupwa Ras Kisimani, ufuo hubaki na vigae. Vipo vya vyungu vya udongo, vipo vya mabakuli yaliyoletwa na majahazi kutoka ng'ambo, na katikati yake mawe ya matumbawe ambayo mkono wa fundi uliwahi kuyachonga yakapata pembe. Hii ndiyo ncha ya magharibi ya kisiwa cha Mafia, inayotazamana na delta ya Rufiji, na hapa palikuwa na mji. Tarikhi ya Kilwa inamtaja Bashat, mwana wa Sultani Ali bin al-Hasan, kuwa alitawala Mafia. Neville Chittick alichimba mahali hapa na taarifa yake ikachapishwa mwaka 1961. Sehemu kubwa ya mji huo sasa bahari imeichukua.

Wenyeji wanayo sababu yao. Fundi alimjengea sultani jumba lisilo na mfano. Sultani akahofia fundi asije akamjengea mwingine la kufanana nalo, akaamuru akatwe mikono. Haukupita muda, bahari ikapanda, ikaumeza mji. Ngano nzuri, na ndani yake haki imetendeka. Lakini ukisimama pale ufuoni ukatazama mchanga unavyomomonyoka na mizizi ya minazi inavyoning'inia nje, unaiona kazi ya taratibu: kusi hii kidogo, kusi ijayo kidogo, ukuta huu leo, ule mwakani. Mji ulikwenda kwa miaka. Ngano inautaka usiku mmoja.

Misiba ya presha nayo husimuliwa hivyo hivyo. "Jana tulikuwa naye barazani, kahawa kanywa, mzaha kafanya. Alfajiri hakuamka." Mwingine atasema jicho, mwingine jini, na aliyesoma kidogo atasema presha ilimpanda, kana kwamba presha ni mgeni aliyebisha hodi usiku ule. Makala haya yanahusu miaka ishirini iliyoutangulia usiku huo, na swali ambalo madaktari wa moyo wamelihangaikia kwa muda mrefu: mtu ambaye ukuta wa moyo wake umenenepa kupita kiasi, anakwenda wapi, na kwa kasi gani?

Nitamtumia mkwezi. Si mtu ninayemjua. Nimemuunda kwa maisha ya wakwezi wa kisiwa hiki cha minazi, na dalili zake nimezitoa katika maandishi ya tiba. Nimemchagua kwa sababu moja. Mtu wa ofisini anaweza kupoteza nusu ya nguvu za moyo wake asijue, kwa kuwa hakuna siku anayozihitaji zote. Mkwezi anazihitaji zote kila asubuhi, na kazi yake inahesabika: minazi mingapi leo.

Ana miaka 35. Anaangua minazi arobaini kwa siku, akipanda kwa vidato alivyovichonga baba yake kwenye mashina. Presha yake ni 170 kwa 105. Hajui, na hakuna kinachomuuma. Moyo hupiga kama mara laki moja kwa siku, na wa kwake kila unapopiga unasukuma damu kwenye mishipa iliyokaza, mfano wa mtu anayepiga pampu ya kisima yenye bomba jembamba kuliko linavyopaswa. Msuli unaofanyishwa kazi hivyo hunenepa. Ukuta wa chumba cha chini cha kushoto, ambao kwa mwanamume mzima huwa milimita 6 hadi 10, unafika 12, kisha 14. Ukifika 17, vitabu vinaandika: mnene sana.

Hapa lugha yetu inatutega. Msuli mnene kwetu ni sifa. Ndio wa mpagazi, wa mvuta nyavu, wa mkwezi mwenyewe. Ukimwambia mtu moyo wake umejenga misuli, atacheka kwa furaha. Na mwanzoni hakosei, maana unene ule ni jitihada ya kweli ya mwili kuikabili presha. Tatizo ni kwamba ukuta hunenepa kuelekea ndani. Chumba kinabana. Msuli unakakamaa, haulegei vizuri baada ya kila pigo, kwa hiyo damu inayorudi kutoka mapafuni inakuta mlango uko wazi lakini ndani hapana nafasi. Mishipa midogo ya damu inayoulisha msuli nayo haiongezeki kwa kadiri msuli unavyoongezeka. Nyuzi za ndani kabisa hubaki na njaa, zikafa moja moja, mahali pake pakawa kovu. Kovu halisukumi damu, na umeme wa moyo ukipita penye kovu unaweza kupotea njia.

Kuna atakayeuliza: si huenda moyo wa mkwezi umenenepa kwa sababu ya kukwea tu, kama wa mwanariadha? Swali hili limejibiwa kwa vipimo. Waitaliano waliwapima wanariadha 947 na kuchapisha matokeo mwaka 1991. Wachache mno, chini ya 2 kwa kila 100, walikuwa na ukuta wa milimita 13 au zaidi, na hakuna aliyevuka 16. Uingereza baadaye ilionekana kuwa ukuta wa moyo wa wanariadha weusi hunenepa zaidi ya wa weupe: 18 kwa 100 walipita milimita 12, dhidi ya 4 kwa 100. Lakini hao nao hawakuvuka 16. Kazi ngumu ina mpaka wake. Ukikutana na ukuta wa milimita 20, usiulaumu mnazi.

Basi ukuta mnene sana una njia mbili kuu za kuupata. Moja ni hii ya presha, inayojengwa kwa miaka. Nyingine mtu huzaliwa nayo mbegu yake: hitilafu katika jeni zinazotengeneza nyuzi za msuli wa moyo, nyuzi zikajipanga ovyo badala ya kulala sambamba, na ukuta ukavimba bila presha yoyote, mara nyingi ule unaotenganisha vyumba viwili vya chini. Mzazi mwenye jeni hiyo, kila mtoto wake ana nafasi ya nusu kwa nusu kuirithi. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 1995 ulikadiria mtu 1 kwa kila 500. Hapa kwetu madaktari wa Muhimbili, akiwamo Mohamed Janabi ambaye baadaye aliiongoza Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, walichapisha mwaka 2006 uchunguzi wao juu ya wagonjwa wa aina hii. Kwa hiyo ni ugonjwa wetu pia. Tunaoukumbuka mpira tunaujua kwa jina moja: Marc-Vivien Foé, kiungo wa Kameruni, aliyeanguka uwanjani Lyon tarehe 26 Juni 2003, dakika ya 72, nusu fainali dhidi ya Colombia, akiwa na miaka 28. Uchunguzi wa maiti ulikuta moyo wa namna hiyo.

Juu ya ugonjwa huu wa kurithi, sayansi ilianza kwenye chumba cha maiti, na hilo liliupotosha utabiri kwa miongo kadhaa. Mwaka 1958 Donald Teare, daktari wa London aliyekuwa akipasua maiti, alieleza mioyo minane ya vijana waliokuwa na unene usio sawa, wengi wao walikufa ghafla. Hospitali kubwa zilizofuata zilipokea wagonjwa waliokwisha kuzidiwa, zikahesabu vifo, zikasema wanakufa watu 3 hadi 6 kwa kila 100 kwa mwaka. Takwimu hiyo ilitangazwa duniani kana kwamba ndiyo sura ya ugonjwa wenyewe. Baadaye mashine za kupima moyo kwa mawimbi ya sauti, ambazo hospitalini kwetu watu huziita eko, ziliposambaa, wakaonekana wengi waliokuwa na ugonjwa huo huo wakila na kulala mpaka uzeeni. Katika vituo vinavyowatibu vizuri, vifo vimeshuka hadi karibu nusu mtu kwa kila 100 kwa mwaka. Ugonjwa ulikuwa ule ule. Kilichobadilika ni tiba, na pia ni nani anayehesabiwa. Neno hili tuliweke akilini, tutalihitaji tutakaporudi Mafia.

Unene wenyewe una usemi kiasi gani? Mwaka 2000 Paolo Spirito, Barry Maron na wenzao walichapisha kazi iliyowafuatilia wagonjwa 480 wa aina hiyo ya kurithi kwa wastani wa miaka 6 na nusu. Wenye ukuta wa milimita 15 au chini yake hawakupata kifo cha ghafla hata kimoja. Kadiri ukuta ulivyonenepa, hatari ilipanda daraja kwa daraja, hadi kwa wenye milimita 30 na zaidi, ambao ilikuwa 18 kwa kila 1,000 kwa mwaka. Kwa mwaka mmoja hiyo yaonekana ndogo. Lakini waliokuwa na unene huo wengi walikuwa vijana, na hesabu ikivutwa miaka ishirini mbele inakaribia 40 kwa 100. Ndiyo maana kijana wa namna hiyo katika nchi zenye uwezo huwekewa kifuani kifaa kinachoushtua moyo unapopoteza mapigo, hata kama siku ile anajisikia mzima kabisa. Mpasuaji aliyeasisi operesheni ya kupunguza ukuta huo, Andrew Morrow wa Marekani, aligundulika naye anao ugonjwa ule ule aliokuwa akiupasua kwa wengine. Alifariki mwaka 1982.

Nimekaa sana kwenye ugonjwa wa kurithi kwa sababu ndio wenye hesabu zilizopangika. Mkwezi wetu, kwa uwezekano mkubwa, yuko kwenye njia ile ya kwanza. Mwishoni mwa miaka ya 1990 watafiti walipima presha Ilala mjini na Hai vijijini, na matokeo yakachapishwa mwaka 2000. Karibu mtu mzima 1 kati ya 3 alikuwa na presha ya juu, kijijini sawa na mjini. Kati ya wenye presha, waliojua hawakufika 20 kwa 100. Waliosema wanatumia dawa walikuwa kama 10. Ambao dawa imeishusha presha ikafika panapotakiwa hawakutimia hata 1 kwa 100. Miaka imepita na kliniki zimeongezeka, lakini umbo la ule mteremko halijabadilika kiasi cha kutufurahisha: wengi wanao, wachache wanajua, wachache zaidi wanameza, na waliodhibitiwa ni wa kutafutwa kwa tochi.

Turudi kwake. Ana miaka 43. Minazi arobaini imekuwa thelathini, na anasema ni umri. Wenzake wanakubali, maana kweli miaka imekwenda. Hapo ndipo mteremko unapojificha: unafanana na uzee. Tofauti ni moja tu, na mkwezi anaiona bila kuijua. Uzee hupunguza minazi ya siku nzima. Moyo uliokakamaa humsimamisha katikati ya mnazi mmoja. Anapanda hadi nusu ya vidato, anakumbatia shina, anasubiri pumzi irudi. Zamani hakuwa akisimama. Daktari huwagawa wagonjwa wa moyo kwa madaraja manne, kuanzia asiyechoka kwa kazi yoyote hadi anayehema akiwa kitandani. Mkwezi anaposimama katikati ya mnazi yupo daraja la pili, na bado ana muda mwingi wa kuokolewa.

Katika miaka hiyo chumba cha juu cha kushoto, ambacho kazi yake ni kumimina damu katika chumba kilichokakamaa, kinatanuka kwa kulazimishwa. Kikitanuka sana, umeme wake unachafuka, mapigo yanakuwa ya ovyo ovyo. Damu isiyosukumwa vizuri inaganda kwenye kona, na bonge lake likichomoka laweza kupanda ubongoni. Hapo upande mmoja wa mwili unapooza, na mtaa unasema kapigwa na upepo mbaya. Si kila kiharusi kinakuja kwa njia hii. Vingi hutokana na presha kuiharibu mishipa ya kichwani moja kwa moja. Lakini kwa mwenye ukuta mnene njia zote mbili ziko wazi.

Miaka 48. Minazi kumi na tano, mifupi, na watoto wake ndio wanaofua nazi kwenye kifuo. Usiku analala kwa mito miwili, kisha mitatu. Anaamka saa nane kufungua dirisha, akisema chumba hakina hewa. Jioni kandambili zinabana. Watu wa nyumbani wanaanza kuulizana.

Sasa ndipo anapopelekwa Kilindoni, hospitali ya wilaya, na pengine kutoka hapo anavushwa kwa kivuko hadi Nyamisati, kisha barabara ya Kibiti mpaka Dar es Salaam. Akifika Dar anawekwa kwenye eko, na hapa linatokea jambo ambalo linawachanganya hata wasomi. Ukuta wake unapimwa: milimita 13. Jamaa aliyemsindikiza, aliyesoma kwenye simu kwamba unene ndio ubaya, anashusha pumzi. Kumbe hiyo ndiyo habari mbaya. Ukuta uliokuwa 18 umekonda kwa sababu msuli umechoka, kovu limechukua nafasi, chumba kimetanuka kama puto lililopulizwa mara nyingi, na nguvu ya kusukuma imeshuka. Wagonjwa huita hali hii moyo mpana. Namba ya unene, kwa hiyo, haisomwi peke yake. Milimita 18 kwenye moyo unaosukuma vizuri inatia wasiwasi; 13 kwenye moyo uliolegea inatisha zaidi. Kuna mahali katika mteremko ambapo kipimo kinaboreka kwa sababu mgonjwa amezidiwa.

Na akishafika wodini, takwimu zetu zinajulikana. Abel Makubi na wenzake waliwafuatilia wagonjwa 427 wa moyo ulioshindwa kazi pale Muhimbili, na kuchapisha mwaka 2014. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 55. Ulaya wagonjwa wa namna hiyo kwa kawaida wako kwenye miaka ya sabini. Chanzo kilichoongoza kilikuwa presha, 45 kwa 100. Vifo vilikuwa zaidi ya 22 kwa kila miaka-watu 100, yaani kama mmoja kati ya watano kwa mwaka. Utafiti mwingine uliohusisha wagonjwa 1,006 katika nchi tisa za Afrika kusini mwa Sahara, uliochapishwa mwaka 2012, ulikuta karibu 18 kwa 100 hawakutimiza siku 180 tangu walazwe. Na mwaka 2017 ukatoka ulinganisho wa mabara: baada ya mwaka mmoja vifo vilikuwa 34 kwa 100 Afrika, 23 India, 7 China.

Thelathini na nne dhidi ya saba. Ugonjwa mmoja, dawa zile zile ziko kwenye vitabu vile vile. Sisadiki kwamba moyo wa Mwafrika umeumbwa dhaifu mara tano. Orodha ya Makubi ya mambo yaliyotabiri kifo inasema mengi zaidi ya rangi ya ngozi: mapigo ya ovyo, upungufu wa damu, figo zilizoanza kushindwa, presha ndani ya mapafu, kulazwa badala ya kuja kliniki kwa miguu. Na katikati ya hayo, kukosa elimu. Asiyekwenda shule alikuwa na hatari kubwa zaidi ya kufa hata baada ya mambo mengine kuzingatiwa. Huo si ugonjwa wa msuli. Ni jina la umbali: kati ya mtu na kipimo, kati ya maneno ya daktari na masikio ya mgonjwa, kati ya karatasi ya dawa na fedha mfukoni.

Na zile ni hesabu za waliofika. Nilisema tutalirudia jambo la nani anahesabiwa. Vitabu vya kale vya ugonjwa wa kurithi vilitia chumvi kwa sababu viliwahesabu waliozidiwa tu. Vyetu huenda vinakosea kwa upande mwingine: aliyefia Ras Kisimani kabla ya kivuko hayumo kwenye wale 427.

Kinachoumiza ni kwamba sehemu kubwa ya mteremko huu inazuilika kwa vidonge ambavyo si vya ajabu. Ukuta ulionenepa kwa presha hukonda kwa heri pia, tena kabla ya kovu kushika, presha ikishuka na kubaki chini. Utafiti wa mwaka 2002 uliowahusisha watu 9,193 wenye presha na dalili za ukuta mnene ulionyesha kuwa waliopewa losartani walipata viharusi pungufu kwa robo kuliko waliopewa atenololi, ingawa presha ilishuka karibu sawa. Mwaka 2019 ukatoka mwingine wa watu weusi 728 katika nchi sita za Afrika, Kenya na Uganda zikiwamo, ulioonyesha kwamba mchanganyiko wenye amlodipini ndani yake unaishusha presha vizuri kuliko ule usio nayo. Amlodipini na losartani si majina mageni kwenye maduka ya dawa ya pwani. Mtu hahitaji kuvuka bahari kuyafuata.

Anachohitaji ni kuyameza akiwa hana kinachomuuma, kila siku, kwa miaka thelathini. Hilo ndilo gumu, na siwalaumu wanaoshindwa. Dawa kwetu ni kitu cha kumaliza: malaria unameza siku tatu, kichocho mara moja, umepona, basi. Dawa ya presha haikuponyi. Ukiimeza unajisikia kama jana. Ukiiacha unajisikia kama jana. Inakulegeza kidogo wiki za mwanzo, ile ya kukojoa inakusumbua safarini, na mwezi wa tatu fedha ya dawa inagongana na fedha ya daftari la mtoto. Kisha yupo jirani anayesema ukianza hizo dawa huachi tena, kana kwamba zenyewe ndizo zinazomfunga mtu, wala si ugonjwa. Nimelisikia neno hilo hata kwa watu wenye shahada.

Chumvi nayo. Kisiwani samaki asiyeuzwa mbichi hutiwa chumvi, na ng'onda ni kitoweo cha siku ambazo bahari imechafuka. Mwambie mwenye moyo uliokakamaa aache ng'onda msimu wa kusi, umemwambia ale wali mkavu. Visima vya pwani nchi nyingi vinaingiwa na maji ya bahari. Bangladesh, ambako jambo hilo limechunguzwa, watu wanaokunywa maji ya chumvi wameonekana na presha zilizopanda. Mahali paliposimama juu ya jina la kisima pangestahili kupimwa maji yake kwa sababu hiyo pia.

Taasisi ya Jakaya Kikwete, iliyoanza kazi Dar es Salaam mwaka 2015, imekuwa ikipeleka wataalamu na mashine mikoani, huduma iliyopewa jina la tiba mkoba. Ni jambo jema na lina mpaka wake. Eko inayokuja mara moja inawagundua waliokwisha kutanuka moyo. Inayowaokoa walio na milimita 14 ni mashine ya mkononi ya presha, mhudumu anayejua kuifunga, na betri. Kama ningepewa fedha za eko moja nichague, ningenunua za mkononi nizipeleke kwenye zahanati, vijiwe vya kahawa na vyama vya wavuvi, na pale nazi zinapokusanywa na kuhesabiwa, kwa kuwa wanaume wa umri wa mkwezi hawaendi kliniki. Mama anapimwa presha akibeba mimba. Baba anapimwa akiwa amebebwa.

Tatizo jingine liko mdomoni. Kiswahili hakina neno moja lililozoeleka kwa kile daktari anachokadiria juu ya mgonjwa, na penye pengo la neno panaingia adabu. Anayeuliza mara nyingi si mgonjwa. Ni mjomba, au kaka mkubwa, kwenye korido: "Daktari, tuambie sisi, yeye usimwambie." Daktari anajibu, "Hali yake si nzuri, tuzidi kumwomba Mungu." Wote wameelewana na hakuna aliyeambiwa kitu. Lakini mgonjwa aliyefichwa haweki mambo yake sawa. Hajui kwamba nafuu ya wiki mbili baada ya dawa ya maji kumtoa uvimbe si kupona. Anarudi nyumbani, anaacha vidonge, anakula ng'onda, na mwezi wa pili anarudishwa akiwa mbaya kuliko mwanzo. Hivyo ndivyo wengi wanavyoshuka: kwa ngazi, kila wanapolazwa wakitoka na nafuu isiyofika pale walipokuwa. Mtu huweza kuambiwa ukweli bila kutajiwa siku. Anaweza kuambiwa: moyo wako hauwezi kurudi ulivyokuwa, ila unaweza kukaa hapa ulipo muda mrefu, na utakaousukuma chini ni wewe ukiacha hivi vidonge. Wazee wetu wamebeba habari nzito kuliko hiyo.

Mkwezi, miaka 51. Hapandi tena. Anakaa kivulini akisuka makuti, na kijana akishuka anamuuliza ameangua mingapi. Siku moja baada ya Isha analala mapema, na alfajiri hakuamka. Kabla ya Alasiri amekwisha zikwa, kama inavyotakiwa. Hakupasuliwa, na hakuna aliyetaka apasuliwe. Kilichoandikwa, kama kimeandikwa, ni presha, na pengine ni kweli. Inawezekana pia kwamba ukuta ule haukuwa wa presha peke yake. Kwamba ndani yake zilikuwamo nyuzi zilizojipanga ovyo tangu tumboni mwa mama, naye baba yake aliyevichonga vile vidato alikufa ghafla pia, miaka mingi nyuma, na watu wakasema jicho.

Kamba na panga amevichukua mdogo wake wa tumbo moja. Ana miaka 38. Msimu uliopita alikuwa akiangua thelathini na tano kwa siku. Msimu huu ishirini na nane, na kuna mnazi mmoja mrefu karibu na ufuo ambao anasimama katikati yake.